Pesa ya Mkupuo na Daftari la Kaya Maskini

Mhadhara wa wazi, Lipangalala, Ifakara

Najua huu ni msimu wa kupiga mpunga na kila saa ina thamani yake. Lakini mada yangu ni ya msimu huu hasa. Nataka tuzungumze juu ya pesa inayokuja mara moja, kwa mkupuo, halafu haionekani tena mpaka mwaka mwingine, na jinsi inavyoweza kumnyang'anya mtu msaada mdogo aliokuwa akiutegemea mwaka mzima.

Nianze na hesabu. Tuchukue mama wa kufikirika, mkazi wa mtaa wowote wa kata hii, mwenye watoto wawili wa shule ya msingi. Yumo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule ambao wengi tunauita kwa kifupi hela za TASAF. Kwa viwango ambavyo mpango ulianza navyo, kaya yake inastahili ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, nyongeza ya 4,000 kwa kuwa na watoto, na 2,000 kwa kila mtoto anayehudhuria shule ya msingi. Jumla ni 18,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 216,000.

Mama huyu ni kibarua kwenye mashine ya kukobolea mpunga. Msimu mmoja mpunga unakuwa mwingi, tajiri wake anafurahi, na siku ya kufunga hesabu anampa asante ya shilingi 200,000. Mama anafikiri kama mtu mzima anavyofikiri. Nyumba yake ni ya nyasi, kila masika inavuja. Ananunua mabati. Mwaka unaofuata wanakuja watu wa tathmini na dodoso lao, wanaikuta nyumba ya bati. Bati peke yake halimwondoi mtu, lakini linampandisha alama, na mama huyu alikuwa ukingoni. Jina linatoka. Gawanyeni laki mbili kwa elfu kumi na nane: asante ya tajiri imefidia miezi kumi na moja na siku chache za ruzuku iliyopotea. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mama anakuwa amepata hasara, na tajiri ambaye kwa nia njema alitoa pesa mfukoni hajui kwamba ndiye aliyeianzisha.

Kuna watakaosema huo ni mfano wa kutunga. Ni wa kutunga, ndiyo. Viwango vilivyomo ni vya kweli, na njia aliyopita mama huyo ndiyo njia ya mpango wenyewe, kwa hiyo tuitazame kwa makini.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza mwaka 2000. Awamu zake mbili za mwanzo zilijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati, visima na barabara. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa na Rais Kikwete mwezi Agosti 2012, ndiyo iliyoleta uhawilishaji wa fedha kwa kaya, na ndani ya miaka michache ikafikia kaya zaidi ya milioni moja nchi nzima. Kipindi chake cha pili kilizinduliwa na Rais Magufuli mwezi Februari 2020. Malipo hutolewa kila baada ya miezi miwili, na viwango vimekuwa vikibadilika.

Mtu anaingiaje? Kwanza hutazamwa maeneo. Kisha unaitishwa mkutano wa kijiji au mtaa, na wananchi wenyewe wanazitaja kaya zinazoishi katika hali duni. Baada ya hapo kaya zilizotajwa zinajaziwa dodoso, na majibu yanaingizwa kwenye kanuni ya kitakwimu inayokadiria matumizi ya kaya. Hapo ndipo penye mzizi wa mada yangu. Kanuni hiyo haimuulizi mtu analipwa kiasi gani, kwa sababu inajulikana kwamba kibarua wa Ifakara hana hati ya mshahara, na mkulima wa mpunga hana kabisa. Badala yake inauliza vitu vinavyoonekana: nyumba imejengwa kwa nini, imeezekwa kwa nini, sakafu ikoje, kaya ina watu wangapi, ina vyombo na mali gani. Vitu ndivyo vinavyotoa ushahidi badala ya kipato.

Siwalaumu waliobuni utaratibu huo. Katika nchi ambayo watu wengi wako nje ya ajira rasmi, ungewapima kwa lipi? Lakini kupima kipato kwa kutazama vitu kuna athari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mshahara wa kila mwezi wa maskini huliwa. Unaingia unga, mafuta ya taa, daftari, dawa, na hauachi alama nyumbani. Pesa ya mkupuo ndiyo inayonunua kitu. Baiskeli, bati, godoro, simu, mbuzi: hivyo havinunuliwi kwa elfu mbili za leo na elfu tatu za kesho. Kwa hiyo dodoso linalotazama vitu linaziona zaidi zile pesa zilizokuja mara moja na haziji tena, kisha linazisoma kana kwamba huja kila mwezi.

Sasa angalieni uchumi wa bonde letu la Kilombero. Karibu wote ni uchumi wa mkupuo.

Mpunga wa mvua unapandwa kati ya Desemba na Februari, unavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mkulima anashika pesa wiki chache kwa mwaka, na mara nyingi anaishika ikiwa imeshapungua, kwa sababu alikopa wakati wa njaa akaahidi kulipa magunia, na magunia yenyewe yanajazwa lumbesa, kupita kipimo. Ukimtembelea Juni utamkuta ana magunia ndani, kuku wanakula punje uani, na redio mpya imewekwa dirishani. Ukimtembelea Februari utakuta mlango umefungwa, yuko shambani kwenye dungu, na akiba imebaki ya mbegu. Ni kaya ileile. Inategemea nani amekuja lini.

Juu ya bonde, Kidatu, kuna miwa. Wakulima wadogo wanaopeleka miwa kwenye viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero hulipwa kwa msimu kupitia vyama vyao. Wakata miwa nao wana msimu wao, na mvua kubwa ikianza kazi inasimama. Kisha kuna VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa. Mama anaweka elfu moja au elfu mbili kila wiki, na mwisho wa mzunguko kikundi kinagawana. Siku ya mgawo anarudi nyumbani na pesa ambayo hajawahi kuishika kwa mkono mmoja. Haikutoka kwa tajiri wala serikalini. Ni jasho lake la mwaka, limekusanywa mahali pamoja. Jirani akiiona anasema, fulani siku hizi ana hela.

Mnisamehe wazee, lakini kuna ule msemo wetu usio na adabu kwamba maskini akipata matako hulia mbwata. Tunausema kwa kucheka. Lakini nadhani ndani yake kuna dhana ambayo imeingia hata kwenye madaftari ya serikali bila mtu kukusudia: kwamba maskini akipata mara moja, basi amepata, na akionekana na kitu kipya, umaskini wake ulikuwa wa kuigiza.

Mpango wenyewe nao hutoa pesa za mkupuo. Kaya zilizopitia mafunzo ya kuandaa mradi mdogo hupewa ruzuku ya uzalishaji, pesa ya mara moja ya kuanzisha ufugaji wa kuku, mbuzi au nguruwe, au biashara ndogo. Ni jambo jema, nalisema bila kigugumizi. Hata hivyo fikirini: mtu anapewa pesa ili awe na mali, kisha anakuja mwingine kuhesabu mali. Kama kuku hawakufa kwa mdondo, mama yuko karibu na kuhitimu. Kama walikufa, anabaki. Katika nchi hii zaidi ya kaya laki tatu zimetangazwa kuhitimu katika miaka ya karibuni, na sina shaka wengi wao wamepiga hatua ya kweli. Ninachouliza ni wale waliohitimishwa na mwaka mmoja mzuri.

Kuna jingine linalotuhusu sisi wa bondeni kuliko watu wa miji mikubwa. Sehemu ya ruzuku ina masharti: mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mchanga apelekwe kliniki. Asiyetimiza hukatwa. Sharti ni zuri. Lakini mashamba yetu ya mpunga yako mbali, ng'ambo ya mito na mabwawa, na wakati wa masika familia nyingi huhamia huko kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori. Mtoto akienda na mama yake kuwinga ndege, mahudhurio yanashuka na ruzuku inapungua. Akibaki mjini kwa bibi, mama anakosa mikono shambani. Kwa hiyo kazi ileile inayoleta pesa ya mara moja kwa mwaka inaweza kupunguza ruzuku mara mbili: kwanza wakati wa kuitafuta, halafu baada ya kuipata.

Mtadhani haya ni matatizo ya nchi zisizo na kompyuta za kutosha. Hebu twende Uingereza, ambako kila senti ya mwajiriwa huripotiwa kwa mtandao.

Huko kuna msaada uitwao Universal Credit, unaolipwa kwa watu wa kipato cha chini, wakiwemo mamilioni walio kazini. Kila mwezi kompyuta hutazama mshahara ulioingia ndani ya kipindi cha tathmini. Mtu akivuka kiwango anachoruhusiwa, kwa kila pauni moja ya mshahara halisi anayoongeza anakatwa senti 55 za msaada. Kabla ya Novemba 2021 alikatwa 63. Sasa mpe mtu huyo bonasi ya pauni 500. Kodi ya asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8 vinachukua pauni 140, inabaki 360. Msaada unapungua kwa asilimia 55 ya hizo, yaani pauni 198. Mkononi zinabaki 162. Mwajiri ametangaza mia tano, magazeti yameandika mia tano, mfanyakazi ameona mia na sitini na mbili.

Wakati wa UVIKO jambo hili lilileta mgogoro wa wazi. Serikali ya Wales iliahidi mwaka 2020 kuwapa wahudumu wa wazee na wagonjwa pauni 500 kila mmoja kwa ajili ya kuwashukuru. Serikali ya London ikakataa kuiondolea kodi. Mwaka uliofuata Wales ikatoa malipo mengine, safari hii pauni 735, ili baada ya kodi na bima mhudumu wa kawaida abaki na kama 500. Ujanja mzuri, lakini ulimsaidia asiye na msaada wa serikali. Aliyekuwa kwenye Universal Credit aliendelea kukatwa kutoka kwenye kile kilichobaki baada ya kodi, kwa hiyo pesa kubwa zaidi ilileta makato makubwa zaidi. Kazi hizo za kutunza wazee zinafanywa pia na ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki. Wenye viza ya kazi hawaruhusiwi kuomba msaada huo kabisa, lakini wale waliokwisha kuwa wakazi wa kudumu, wenye watoto na kodi za nyumba, wengine wamo ndani yake.

Mwezi Juni 2020 Mahakama ya Rufaa huko iliamua kesi ya akina mama wanne wanaolea watoto peke yao. Walilipwa mshahara mwisho wa mwezi kama kawaida. Lakini siku ya malipo ikiangukia wikendi, mwajiri alilipa mapema, na mishahara miwili ikaingia kwenye kipindi kimoja cha tathmini. Mwezi huo kompyuta ikawaona matajiri, ikapunguza msaada. Mwezi uliofuata ikaona hawana mshahara kabisa. Hawakuwa wamepata hata senti moja ya ziada. Mahakama ikasema utaratibu huo haukuwa wa kimantiki, na kanuni ikarekebishwa.

Nimeileta kesi hiyo kwa sababu inaonyesha kosa likiwa uchi. Pale hapakuwa na bonasi. Palikuwa na kalenda tu. Serikali ilichagua kipande cha muda, ikakitazama hicho peke yake, ikatoa hukumu.

Tofauti ya Uingereza na sisi ni urefu wa kipande hicho na ukali wa hukumu. Wao wanapima kila mwezi, kwa hiyo kosa la mwezi huu linaweza kusahihishwa mwezi ujao, ingawa njaa ya katikati haisahihishwi na mtu. Na wao hupunguza. Sisi tunapima baada ya miaka, na hatupunguzi kidogo kidogo kwa kadiri ya kipato. Uko ndani au uko nje. Mtu aliyezidi mstari kwa bati moja na mtu aliyezidi kwa nyumba tatu wote wanapata sifuri. Tena kutoka nje ya daftari ni kupoteza zaidi ya elfu kumi na nane. Mtoto wa kaya iliyomo akifika chuo kikuu, kuwemo kwake ni ushahidi anaoupeleka Bodi ya Mikopo. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imesema wasio na uwezo watagharamiwa, maana yake ni kwamba lazima pawe na orodha ya wasio na uwezo. Daftari moja linaanza kuwa mlango wa nyumba nyingi. Kadiri milango inavyoongezeka, ndivyo gharama ya kufutwa jina kwa sababu ya mwaka mmoja mzuri inavyopanda.

Daraja letu la Mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, lina urefu wa mita 384. Anayesimama pale Oktoba anaweza kucheka, kwa sababu maji yanapita sehemu ndogo tu na pembeni ng'ombe wanakula majani. Waliolijenga walijua Aprili ikoje. Walipima mto wa mwaka mzima, na hawakumuuliza mpita njia wa kiangazi. Kaya zetu nazo zina masika na kiangazi, isipokuwa zinapopimwa hakuna anayeandika tumo mwezi gani.

Hofu ya kufutwa ina gharama ambayo haimo kwenye daftari lolote. Si siri kwamba wako watu wanaoogopa kuonekana wamepata. Anayetakiwa kuezeka anasitasita. Anayetumiwa pesa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam anaomba isitajwe. Mwenye mbuzi anamfugisha kwa shemeji. Ukiambiwa kwamba msaada unakufundisha kujitegemea, na wakati huohuo ukaona kwamba dalili yoyote ya kujitegemea inakuondolea msaada, utajifunza kuficha dalili. Pesa ya mkupuo isiyoweza kuwa bati inakuwa nini? Inakuwa sherehe, inakuwa nyama, inakuwa mkopo kwa ndugu asiyelipa. Halafu tunasimama majukwaani tukisema maskini hawajui kutumia pesa.

Najua kuna mtu hapa ananingoja na swali, na ni swali zito. Nitamsemea. Mimi sikuwahi kuingizwa kwenye huo mpango. Nyumba yangu ni ya nyasi hadi leo. Jirani yangu anapokea, ana bati, ana kuku, na wewe unakuja kumtetea abaki?

Siwezi kulijibu kwa maneno matamu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya mstari wa chakula. Mpango haukuundwa kuwabeba wote wa kundi la kwanza. Nafasi ni chache kuliko maskini. Katika mtaa ambao kaya ya kumi na kaya ya thelathini zinapishana kwa godoro na jembe, kanuni yoyote ya kuchagua itafanana na bahati nasibu, na aliyekosa ana haki ya kukasirika. Hasira hiyo ndiyo iliyofanya uhakiki wa kaya zisizostahili upokelewe kwa shangwe sehemu nyingi, ule ulioanza mwaka 2016 na kufichua majina ya marehemu, ya viongozi na ya watu wenye uwezo wao. Uhakiki ule ulihitajika. Mtu aliyeandika jina la mkwewe mwenye duka aliiba.

Lakini aliyeandikwa kwa wizi na aliyeezeka nyumba kwa asante ya msimu hawako kundi moja, na dodoso halina njia ya kuwatenganisha. Mwenye duka alikuwa na uwezo jana, anao leo, atakuwa nao kesho. Mama wa mashine alikuwa na uwezo siku tatu. Ukimtoa huyo ili umwingize jirani mwenye nyumba ya nyasi, mwaka kesho kutwa jirani naye atapata mgawo wa kikundi, ataezeka, atatoka, na mama wa kwanza mwenye bati lenye kutu hatarudi, kwa sababu bati lenye kutu nalo linahesabiwa bati. Tutakuwa tunapokezana njaa. Hasira ya aliyekosa ipelekwe kwa ufinyu wa nafasi. Bati la jirani halijamnyima yeye kitu.

Wako waliolikata tatizo hili kwa shoka. Zanzibar, kuanzia Aprili 2016, kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii, mwanzo shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haijalishi ana nini. Mzee wa Unguja akipata samaki wengi siku moja, au mwanawe aliyeko Muscat akimtumia riali za kuezekea nyumba, pensheni yake haiguswi, kwa hiyo hana sababu ya kuficha. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi zao 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii bila kuwapima utajiri. Mwanya wa njia hiyo unajulikana, kwamba tajiri mzee naye anapokea. Lakini umri haudanganyi na haupandi kwa mkupuo. Mimi binafsi naipenda njia ya Zanzibar kwa wazee, na ningependa kuiona huku Bara. Kwa kaya za watu wa umri wa kazi sioni hazina yetu ikilipa kila mtu, kwa hiyo tutaendelea kupima. Basi tupime vizuri.

Na hapa nina habari njema, kwa sababu kanuni tunayoihitaji imo tayari ndani ya TASAF yenyewe. Walengwa wenye nguvu hupewa ajira za muda: kuchimba mitaro, kupanda miti, kutengeneza barabara. Katika kipindi cha kwanza walilipwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne, jumla 138,000. Katika kipindi cha pili ikawa 3,000 kwa siku, siku kumi kwa mwezi, miezi sita, jumla 180,000. Laki na themanini inakaribia sana ile asante ya tajiri wa mashine. Hakuna anayesema kwamba aliyelipwa laki na themanini za mitaro ametajirika na atoke. Ni pesa ya muda, inaziba pengo la miezi ya njaa, na mpango unaiita hivyohivyo. Serikali inapoitoa pesa ya muda yenyewe, inaelewa kwamba ni ya muda. Inapotolewa na tajiri, na kikundi au na mwaka mzuri wa mpunga, uelewa huo unapotea.

Brazil walilikabili suala hili kwa sheria. Mpango wao wa Bolsa Família, ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, uliweka kanuni ya kinga: kaya ambayo kipato chake kimepanda juu ya kiwango cha kuingilia, lakini haijavuka kiwango kingine cha juu zaidi, haifutwi papo hapo. Inaendelea kupokea nusu ya msaada kwa muda, miaka miwili kwa kanuni ya mwaka ule, na mwaka 2025 muda huo ukafupishwa kwa kaya mpya. Kama kipato kilikuwa cha kupita, kaya haijaanguka. Kama kilikuwa cha kudumu, imepewa nafasi ya kusimama. Na mwenye kupata hana haja ya kumfugisha mbuzi kwa shemeji.

Mabadiliko ninayoyaomba hayahitaji kompyuta mpya. Dodoso linalouliza nyumba imeezekwa kwa nini liulize pia imeezekwa lini na kwa pesa gani. Mali iliyonunuliwa kwa ruzuku ya uzalishaji au kwa mgawo wa kikundi isiongezewe alama mpaka ipite misimu miwili ya mavuno, ionekane kama imeleta kipato au imekaa tu. Anayevuka mstari apewe nusu kwa mwaka mmoja kabla ya kutoka, na aliyetoka awe na njia ya kurudi bila kungoja tathmini nyingine ya taifa. Na tathmini za bonde hili zifanywe Februari. Hilo la mwisho nalisema nikijua barabara za Februari zilivyo na tope la vijijini lilivyo. Watathmini watapata tabu. Ndiyo hali halisi ya watu wanaokwenda kuwapima.

Mtaalamu mmoja wa takwimu angeniambia: ukiuliza pesa ilitoka wapi, watu watadanganya. Watadanganya wengine. Lakini utaratibu wenyewe unaanzia kwenye mkutano wa mtaa, na mtaa una kumbukumbu. Hapa Lipangalala mabati hayafiki usiku. Yanakuja kwa guta, mchana, na kabla fundi hajapanda juu mtaa mzima umeshajua yamenunuliwa kwa mgawo wa kikundi gani, au tajiri yupi aliyetoa asante, au mtoto yupi aliyetuma. Mwenyekiti anajua. Mweka hazina wa kikundi anajua, na daftari lake lina tarehe. Ushahidi upo. Kinachokosekana ni nafasi ya kuuandika kwenye fomu, na mtu mwenye mamlaka ya kuusoma kabla jina halijafutwa.